Wadudu Walao Wadudu: Jawabu kwa Mwenye Minazi

SUALI. Mmoja katika wasomaji wetu, mwenye shamba la minazi ng'ambo ya kivuko, ametuandikia haya: "Shamba tulilorithi limejaa maji moto. Kila mnazi una viota vyao, na wakwezi wamekataa kukwea ila kwa ujira maradufu. Wengine wamekataa kabisa. Nimekwisha nunua dawa ya kuwanyunyizia. Warithi wenzangu wamekhitilafiana: wako wasemao tuwauwe, na wako wasemao babu hakuwauwa. Twataka jawabu kabla ya kuangua."

JAWABU. Barua hii ilinikuta mahali pasipo mnazi hata mmoja. Nilikuwa Kaplong, katika nchi ya chai, kwa mwanafunzi wetu wa zamani aliyehamia huko kwa biashara. Kaplong ni njia panda: barabara moja yatoka Kericho, moja yaenda Sotik na Kisii, na ya tatu yaelekea Bomet na Narok. Asubuhi huwa na baridi ya kumfanya mtu wa Mombasa akishike kikombe kwa mikono miwili asikinywe, akiota moto tu. Nyuma ya duka lake mwenyeji wangu ana kipande cha chai na mihindi kandoni mwake, kama walivyo jirani zake.

Nilimsomea barua, nikitaraji tutaizungumza palepale tulipoketi. Akaniambia, "Maalim, kabla hujamjibu, njoo nikuonyeshe kitu." Tukatoka na umande.

Alichuma jani moja lililokomaa, akaligeuza chini juu, akanipa kioo cha kukuzia. Kwa jicho tupu nilikuwa sioni ila rangi ya kutu karibu na mshipa wa kati. Kwa kioo niliona utitiri wekundu wametulia hapo wakifyonza, hawana haraka ya jambo lolote. Kisha akapita mmoja wa rangi ya maji, umbo lake kama tone, akikimbia huku na huku kama mtu aliyepotewa na funguo. "Huyo anayekimbia," akasema, "ndiye askari wangu. Mwenye kula jani hukaa kitako, maana chakula chake hakimkimbii. Mwenye kumla yeye hana budi kutafuta." Sisemi kwamba kanuni hii yafaa kwa kila mdudu, lakini kwa utitiri wa chai yasaidia sana.

Kwenye chipukizi changa akanionyesha vidukari. Baadhi yao walikuwa wamevimba wakakauka, rangi yao kama karatasi kuukuu, na mgongoni mwa kila mmoja mna tundu la duara lililokatwa vizuri. Nyigu mdogo kuliko punje ya mtama humchoma kidukari aliye hai, akatia yai ndani yake. Mtoto wa nyigu hula kilichomo, kisha hukata mlango akatoka. Kidukari amekuwa kwake nyumba na ghala, na mwisho lile ganda tupu huachwa jani­ni.

Nikamwuliza kwa nini hanyunyizi, na duka lake mwenyewe lauza chupa za kila namna. Alicheka kidogo. Akanambia kwamba chai huchumwa majani mawili na kichipukizi chake, kila wiki moja au mbili, na hupelekwa kiwandani siku ile ile. Huko hunyaushwa, hukatwa, huachwa ligeuke rangi, kisha hukaushwa kwa moto. Mahali pa kuoshwa hapana. Mchicha utauosha kabla ya kuupika. Jani la chai mara yake ya kwanza kukutana na maji ni ndani ya birika lako. Basi aliwekalo mkulima juu ya jani hulinywa mnywaji. Ndiyo maana chai ya Kenya, tangu ilipoanza kupandwa kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, imepata sifa ya kutiwa sumu za wadudu kidogo mno. Mashamba huachiwa utitiri wenye mbio, buibui, nyigu, na wale vidudu vya duara wenye mgongo mwekundu na madoa meusi. Mkulima hutazama zaidi miche astahimilivu na utunzaji wa shamba. Utitiri huzidi wakati wa kiangazi. Mvua ikirejea hupungua.

Hapa natanabahisha juu ya neno moja. Kilichomo katika chupa aliyoinunua ndugu yetu twakiita dawa, na jina hili limetughuri. Dawa humponya mgonjwa. Hii ni sumu, na haimwulizi mdudu jina lake kabla ya kumwua. Tena tazama ni nani afaye kwanza. Mharibifu ni wengi, amejificha chini ya jani au ndani ya bua, na huzaa upesi. Amlaye ni wachache, huzunguka kutwa akigusa kila jani lililonyunyizwa, na hula wale waliokwisha kunywa sumu. Akisalimika na sumu, hufa njaa. Baada ya wiki chache mharibifu hurejea kutoka mafichoni, akalikuta shamba halina mlinzi.

Sasa nije kwenye kisa ambacho kila ashikaye chupa ile yafaa akisikie. Mnamo mwaka 1923, upande wa Thika, wenye mibuni waliona mdudu mweupe aliyejipaka kitu kama unga amejaa kwenye matawi. Alifyonza maji ya mti akatoa utamu ulioangukia majani, na juu ya utamu ule ukaota ukungu mweusi kama masizi. Akaenea katika mashamba ya kahawa ya nyanda za juu, na katika mimea ya chakula ya wenyeji pia. Wataalamu wakafanya lililo sawa: wakatafuta ni nani amlaye. Lakini walikosea jina lake. Walimdhani ni mdudu mwingine mweupe ajulikanaye katika nchi nyingi, wakaagiza maadui wa yule kutoka nchi za mbali, hata za Asia. Wakaletwa, wakafunguliwa, wasifae kitu.

Hatimaye R. H. Le Pelley, mtaalamu wa wadudu, alibainisha kwamba huyu wa Kenya ni aina peke yake, na mwaka 1935 akamwita kwa jina la Kenya yenyewe. Ilipotazamwa ni wapi aishipo bila ya kuleta maafa, akaonekana Uganda, mlango wa pili. Huko Uganda hakuna aliyemlalamikia, kwa sababu kila siku alikuwa akiliwa. Nyigu wadogo waliokuwa wakimla wakaletwa Kenya, wakafunguliwa mwaka 1938, na baada ya miaka michache mibuni ikapona. Ilipofika mwaka 1959 ilikadiriwa kwamba kazi hii imeokoa pauni milioni 10, na gharama yake haikupita pauni 30,000. Sisi tuliosoma vitabu vya wapokezi twajua khasara ya kumchanganya mtu na mwenzake kwa kufanana. Hapa ilikula miaka 15.

Katika kisa hiki mna jambo la pili, nalo lamkhusu khasa mwenye minazi. Sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa walikuwa wakiramba ule utamu, na kwa ajili yake wakamlinda mdudu mweupe, wakimfukuza kila ajaye kumla. Wakulima wakawa wakifunga mashina kwa utepe wenye kunata ili sisimizi wasipande. Basi chungu si jina la rafiki wala la adui. Lazima uulize ni chungu gani, na juu ya mti gani.

Ama sumu, iliingia mashamba ya kahawa kwa nguvu katika miaka ya 1950. Kukatokea kiwavi mmoja mkubwa, atembeaye kwa kujikunja kama mtu apimaye kitambaa kwa shibiri, ambaye kabla ya hapo hakuwa tishio. Akala majani hata matawi yakabaki wazi. Sumu iliyonyunyizwa kwa ajili ya wengine ndiyo iliyowaondoa waliokuwa wakimzuia.

Na mahindi, ambayo hata sisi watu wa mjini hatupiti siku bila ya sima yake, yana khabari kama hii hapa hapa pwani. Funza mkubwa wa mabua katika mashamba yetu ni mgeni aliyetoka Asia, na katika Afrika ya Mashariki alionekana mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alikuja peke yake. Amlaye alibaki kwao. Taasisi ya wadudu ya ICIPE, yenye makao yake Nairobi, ilimtafuta huyo mlaji ikampata Pakistan: nyigu mwembamba wa kiasi cha milimita 2 au 3. Mwaka 1993 akafunguliwa katika mashamba ya pwani ya Kenya, akakaa, akaenea.

Ushujaa wa nyigu huyu wastahiki kutajwa. Funza yumo ndani ya bua katika njia aliyojichimbia. Nyigu jike huingia katika tundu hilo hilo, gizani, mahali pasipo nafasi ya kugeuka, ili amchome. Funza ana meno, na nyigu wengi huumwa wakafa humo humo. Lakini aliyekwisha kutia mayai kazi yake imetimia: baada ya siku kumi na kitu watoto wake hutoka kwa makumi katika mwili wa funza, wakajifunga vifuko vyeupe vilivyoshikamana kama punje za wali. Uonapo vifuko hivyo kando ya funza aliyekonda, usivitie motoni. Wako wavichomao wakidhani ni mayai ya funza, na kumbe wanachoma jeshi lao wenyewe. Mipapai yetu nayo, iliyovamiwa katika miaka ya karibuni na mdudu mweupe mwingine, imeletewa nyigu wake kutoka Ghana.

Turudi kwenye minazi. Msomaji wetu ajua bora kuliko mimi kwamba upunga huwa kidaka, kidaka kikawa kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo iwe nazi. Kwa miaka mingi watu wa Unguja na wa mrima waliona vidaka vikianguka kabla ya wakati wake, na nazi zinazosalia zimepinda, zina makovu yatoayo gundi. Wengine walisema ni ardhi, wengine upepo, na wengine jicho. Mwaka 1953 M. J. Way, aliyeichunguza minazi Unguja, alichapisha uchunguzi wake kwamba haya hufanywa na kunguni mmoja afyonzaye maua na vidaka. Na mwaka 1955 kunguni huyo akapewa jina linalomkumbuka Way mwenyewe. Kunguni hawa hawahitaji kuwa wengi. Wachache tu kileleni watosha kuangusha mazao ya mnazi mzima, na kwa hiyo mwenye shamba huweza kutazama juu kila siku asimwone hata mmoja. Na mnazi uliokaliwa na maji moto haukuwa na kunguni wa kumdhuru mwenye mali.

Hapa nina la kuungama. Yapata miaka 30 iliyopita, nilipokuwa kijana, marehemu baba alisikia malalamiko ya wakwezi kama anayoyasikia ndugu yetu leo. Tulikwenda shambani jioni na vienge, tukavichoma viota vyote tulivyoweza kuvifikia, na vya juu tukavipiga kwa miti mirefu mpaka vikaanguka. Ilikuwa kazi ya furaha, vijana tulishindana. Mwaka uliofuata shamba lilikuwa tulivu na wakwezi wakakwea wakiimba. Mwaka wa pili vidaka vilitanda chini ya minazi, na hesabu ya nazi ikashuka hata isifike nusu. Hapana aliyesema kunguni, kwa kuwa hapana aliyemwona. Tulisema mkwezi anaangua usiku. Baba hakumshitaki mtu. Hakumwita tena tu, na katika mji mdogo kutoitwa kwatosha kuwa shahada. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliolisema jina lake barazani. Nilipokuja kuyasoma haya ya Unguja, mkwezi yule alikuwa amekwisha kufa. Nimewaendea wanawe na kuwaeleza, na walinipokea vizuri kuliko nilivyostahiki.

Kutumia chungu kulinda miti hakukuanza jana. Wachina wana maandishi ya zaidi ya miaka 1,600 yasemayo kwamba viota vya chungu hawa wa majani vilikuwa vikiuzwa sokoni ili vitundikwe katika michungwa. Na Yemen, ambako wengi wetu tuna jamaa, wenye mitende walikuwa wakiteremsha chungu kutoka milimani ili wawale chungu wengine waliokuwa wakiharibu mitende. Aliyeyaandika haya ni Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea na wanyama aliyefariki huko Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yalipigwa chapa mwaka 1775.

Hata hivyo simwambii mtu kwamba kila mla uchafu au mla wadudu na aletwe. Tazama kunguru hawa wa shingo ya kijivu wanyakuao mkate mkononi mwa mtoto. Walitoka Bara Hindi wakaletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka. Hapana aliyeuliza watakula nini taka zikipungua, wala ni nani atakayewala wao. Wamekula mayai na makinda ya ndege wadogo, ambao ndio walaji wa viwavi, na mwaka 2024 Serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwauwa milioni moja. Nyigu wa kahawa na wa mahindi walichunguzwa kwanza, wakajulikana wanamla nani. Kunguru alipewa kazi kabla ya kuulizwa khabari zake.

Wala maji moto si walii wa kila mti. Juu ya mikarafuu ya Unguja aliandikwa kuwa anamfuga mdudu mmoja mwenye gamba kwa ajili ya utamu wake, kama sisimizi walivyomfuga mdudu mweupe wa kahawa. Hukumu huifuata sababu. Juu ya mnazi sababu ni kunguni. Juu ya mkorosho ni yule mdudu mwembamba kama mbu afyonzaye chipukizi, ambaye nduguze wa ukoo huo huo huharibu chai katika nchi niliyokuwa. Katika miti hii miwili maji moto ni mlinzi. Wala sumu nayo sikuiharimisha. Nzige walipoingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019, hapakuwa na ndege wala nyigu wa kuwatosha.

Basi, ndugu yetu, jawabu lako ni hili. Chupa uliyoinunua, ikiwa haijafunguliwa, irudishe dukani. Kisha zunguka shamba uitazame ardhi chini ya minazi. Ukiona sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa wamefanya mashimo yao shinani, jua hao ndio wawafukuzao maji moto, na mnazi wao ndio utakaoangusha vidaka. Hao wana chambo chao maalumu, huwekwa kidogo kidogo mahali pao, wakakibeba wenyewe mpaka kwa malkia wao. Kileleni hakinyunyizwi kitu. Wala usiparue shamba likabaki mchanga mtupu, maana ardhi iliyo wazi humfaa sisimizi. Mdimu, mpera, mstafeli au mwembe katikati ya minazi ni nyumba ya maji moto na ni riziki kwako.

Mnazi usio nao waweza kuunganishwa na wenye nao kwa kamba kutoka kilele hadi kilele, watapita. Ukitaka kuhamisha viota, vikate mapema asubuhi na kuvitia ndani ya mfuko uliofungwa, na vyote viwe vya jamii moja. Jamii mbili tafauti hupigana hata wakamalizana, na kiota kisicho na malkia katika jamii yake hakidumu. Ukipata wasaa, simama utazame wanavyojenga: wakubwa huvuta majani mawili yakutane, na mmoja hushika mtoto wao mdomoni, akimpeleka huku na huku mfano wa mfumaji na uzi wake, kwa kuwa hariri ya kushonea hutoka kwa mtoto.

Ama wakwezi, malalamiko yao ni ya haki. Maji moto huuma, na atiaye asidi kwenye jeraha hawezi kuambiwa ni rafiki na mtu aliyesimama chini. Wakwee alfajiri kabla ya jua kuwachangamsha, wajipake majivu mikononi na miguuni, na huo ujira wa ziada wapeni. Fanyeni hesabu yake pamoja, warithi wote: nazi za mnazi mmoja wenye viota kwa mwaka, na za mnazi mmoja usio navyo, toeni ujira wa mkwezi katika kila upande, mtazame kipi kilichosalia. Ikiwa shamba lenu ni kama lililokuwa letu, khitilafu yenu itakwisha juu ya karatasi hiyo.

Mwenyeji wangu wa Kaplong amenipa majani manne ya chai ndani ya bahasha, mawili yana vidukari waliotobolewa. Nimekuja nayo pamoja na kioo. Atakaye kuyaona na aje darasani baada ya Alasiri, na mwenye kidaka kilichoanguka akichukue aje nacho.